Lori la dizeli linapozimika kwenye silensa: pa kuanzia kutafuta

Kuna tatizo ambalo dereva wa lori anaweza kusafiri nalo kutoka Nairobi, karibu kilomita 480, asilijue hadi afike Changamwe, Mombasa. Kontena la chai limevutwa vizuri, milima imepandwa, mizani ya Mariakani imepitwa, Mazeras imeteremkwa salama. Kisha foleni ya kuelekea lango la bandari inasimama. Dereva anatoa mguu kwenye mafuta, injini inashuka hadi silensa, inatetemeka mara mbili tatu, inazimika. Anapiga stata, linawaka vizuri tu. Gari la mbele likisogea, naye husogea. Akisimama tena, kimya tena.

Silensa ni ule mzunguko mdogo wa injini wakati mguu haupo kwenye mafuta na lori halivuti kitu. Swali ambalo kila dereva huliuliza ni la haki: injini iliyopandisha mzigo mlimani inashindwaje kusimama bila kazi? Na kwa kuwa jibu halionekani kwa macho, ushauri hutoka kila upande. Mmoja anasema filta, mwingine anasema pampu imekwisha, wa tatu anataka nozeli zote zifunguliwe, wa nne ameshashika bisibisi apandishe silensa. Kila mmoja wao amewahi kuliona lori ambalo neno lake lilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba tajiri, mwenye lori, hulipia majibu yote manne kabla ya kupata lile moja.

Msimamo wangu ni huu. Lori linalovuta vizuri barabarani lakini linazimika kwenye silensa mara nyingi lina kasoro ndogo iliyojificha, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni kati ya tangi na pampu. Pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu, na nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda, ni vya mwisho kuguswa, kwa sababu ni ghali na kwa sababu kuzifungua ovyo huleta hitilafu nyingine ambazo hazikuwepo.

Kwa nini iwe kwenye silensa

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Hewa inaminywa ndani ya silinda hadi ibaki sehemu moja kati ya 16 au 18 ya ujazo wake, inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa ndani yake inawaka yenyewe. Injini nyingi za malori hazidhibitiwi kwa kubana hewa kama injini za petroli. Mwendo unatawaliwa na kiasi cha dizeli tu. Anayepima kiasi hicho ni gavana: katika malori ya zamani ni uzito na springi ndani ya pampu, katika malori mapya ni kompyuta inayosoma sensa.

Kwenye silensa, lori kubwa huzunguka kati ya mara 500 na 700 kwa dakika. Hapo kila mnyunyizo ni tone dogo sana. Povu la hewa ambalo kwenye mizunguko 1,800 lingemezwa bila mtu kulihisi, sasa linaweza kuwa sawa na mnyunyizo mzima, na silinda hiyo ikakosa moto. Uzito wa gurudumu la injini, ambao barabarani husukuma silinda iliyokosa moto hadi zamu yake ifike tena, kwenye silensa hauna msaada mkubwa: nguvu iliyohifadhiwa ndani yake hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye mizunguko 600 inabaki sehemu moja ya tisa ya ile ya mizunguko 1,800. Silinda moja ikikosa, gavana huongeza dizeli; ya pili ikikosa kabla msaada haujafika, injini imezimika.

Kuna sababu nyingine mbili. Pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi huendeshwa na injini katika malori mengi, hivyo injini ikienda polepole nayo huvuta polepole, na uvujaji mdogo unachukua sehemu kubwa ya kile kinachofika. Alternata, inayochaji betri, nayo hutoa umeme kidogo, na zile sensa za mzunguko zinazofanya kazi kwa sumaku na koili hutoa ishara dhaifu zaidi kadiri injini inavyopungua mwendo.

Filta iliyoziba ina tabia ya kinyume. Hupitisha dizeli kidogo ya silensa bila shida, halafu humnyima dereva nguvu anapokanyaga mafuta mlimani. Lori likichoka mlimani, shuku filta kwanza. Likivuta mlimani na kuzimika foleni, filta iliyoziba inarudi nyuma ya mstari. Isipokuwa kama ugonjwa ulianza siku filta ilipobadilishwa: hapo tazama mpira wake wa kuzibia, kama umekaa sawa, kama umepakwa dizeli kabla ya kufungwa, kama ule wa zamani haukubaki umeganda kwenye kichwa cha filta, wa pili ukakalia juu yake.

Lilizimikaje?

Kabla ya spana kutoka kwenye sanduku, fundi mzuri humkalisha dereva chini amweleze. Na taniboi pia aulizwe, maana mara nyingi yeye ndiye aliyesikia mlio.

Lori lililozimika ghafla, kama mtu amezima swichi, bila kutetemeka na bila moshi, linaelekeza kwenye umeme. Lililopanda na kushuka, likatetemeka, likahema, kisha likafa, linaelekeza kwenye hewa ndani ya dizeli au dizeli isiyotosha. Linalozimika tu pale mguu unapotolewa kwa haraka, lakini likiachwa lishuke polepole linasimama, mara nyingi lina shida ya gavana, ya silensa iliyo chini mno, au ya valvu iliyokwama kwenye njia ya moshi. Linalozimika kila mara kompresa inapojaza upepo wa breki, au AC inapoingia, linaonyesha mzigo uliozidi nguvu ndogo iliyopo.

Saa ya siku nayo inasema. Lori linalosumbua asubuhi, likahitaji stata ndefu, kisha likatulia baada ya mwendo, lina dalili ya dizeli iliyorudi kwenye tangi usiku na hewa kuchukua nafasi yake. Lori linalowaka vizuri asubuhi lakini linaanza kuzimika mchana injini ikiwa moto lina dalili nyingine: dizeli ya moto ni nyepesi, na pampu au nozeli zilizolika huivujisha kwa ndani kwa urahisi zaidi. Ukizijua hizi mbili, umeshapunguza nusu ya kazi.

Halafu liko swali ambalo husahauliwa: tangi lilikuwa na dizeli kiasi gani? Bomba la kunyonyea ndani ya tangi likiwa na ufa upande wa juu, tangi likijaa ufa uko chini ya dizeli na hakuna anayejua. Dizeli ikishuka chini ya ufa, bomba linavuta hewa. Lori lililojazwa Nairobi linaweza kuanza kuzimika Miritini kwa sababu hii tu, na likijazwa tena Mombasa likapona, mpaka safari nyingine. Dereva huapa kuwa dizeli ya Nairobi ni mbovu.

Hewa isiyoacha alama

Sababu hii inastahili nafasi kubwa kuliko nyingine zote. Si kwa kuwa ni ngumu, bali kwa kuwa ni rahisi kuikosa.

Kutoka kwenye tangi hadi pampu ndogo, dizeli haisukumwi. Inavutwa. Maana yake ni kwamba ndani ya paipu hizo injini inapozunguka kuna mvuto, na palipo na ufa au kiungo kilicholegea, hewa huingia badala ya dizeli kutoka. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliopasuka: hakuna kinachomwagika, lakini kinachofika mdomoni ni upepo. Fundi anayezunguka lori akitafuta palipolowana na mafuta atazunguka mpaka magharibi. Mahali panapovuta hewa mara nyingi ni pakavu, na vumbi juu yake limetulia.

Maeneo ya kushuku yanajulikana. Paipu za mpira zilizokaukia kwenye joto, hasa pale zinapopinda karibu na chesisi. Klampu zilizokazwa kwa nguvu hadi zikakata mpira. Kikombe cha kutenga maji, ambacho nati yake ya chini hufunguliwa mara kwa mara na oringi yake, yaani mpira wa duara wa kuzibia, haibadilishwi. Pampu ya mkono ya kutolea hewa, ambayo mpira wake wa ndani hulika na kuanza kuvuta hewa ikiwa imetulia. Malori mengi ya Ulaya yanayofika hapa yakiwa yametumika yana paipu za plastiki zinazoshikana kwa viungo vya kubofya. Usalama wote wa viungo hivyo umo kwenye oringi ndogo ambazo kwa miaka mingi ya joto hukakamaa na kuwa bapa. Oringi hizo ni bei ndogo kuliko chai ya fundi na msaidizi wake. Nazo zinapaswa kuwa za aina inayostahimili dizeli, si oringi yoyote inayofanana ukubwa. Na kuna kiungo kilichofunguliwa usiku na mtu anayenyonya dizeli, kikarudishwa bila kukazwa. Dereva anayelala kwenye foleni ana sababu ya kukikagua alfajiri.

Kuithibitisha hewa hakuhitaji kompyuta. Nunua kipande cha paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, ya unene unaolingana, inayostahimili dizeli. Ifunge kati ya filta na pampu kubwa, washa injini, acha kwenye silensa, tazama. Dizeli safi isiyo na hewa hupita kama haipiti, huoni chochote kikisogea. Povu zikionekana zikifuatana baada ya dakika kadhaa, hewa iliyobaki wakati wa kufunga ikiwa imeshatoka, umepata jibu la swali la kwanza. La pili ni inaingilia wapi, na hapo unarudisha ile paipu nyuma hatua kwa hatua: kabla ya filta, kabla ya pampu ndogo, baada ya kikombe cha maji, karibu na tangi. Mahali ambapo povu zinatoweka, hitilafu iko kati ya hapo na mahali ulipozionea mwisho.

Kuna kipimo kingine ambacho nakiona kuwa bora kuliko vyote kwa gereji za Jomvu au Mikindani ambazo hazina vifaa vya bei. Chukua dumu safi, tia dizeli uliyoiamini, toa paipu ya tangi kwenye pampu ndogo, weka paipu mpya fupi inayokwenda kwenye dumu. Paipu ya marejeo, inayorudisha dizeli iliyozidi tangini, nayo iingie kwenye dumu hilo hilo, la sivyo dumu litakauka haraka. Washa. Lori likitulia kwenye silensa, ugonjwa uko kati ya tangi na hapo ulipofunga, na pampu kubwa na nozeli hazina kesi ya kujibu. Lisipotulia, umeondoa tangi na paipu zake zote kwenye orodha kwa kazi ya dakika chache.

Dumu liwekwe kimo sawa na tangi. Wengi hulining'iniza juu, karibu na injini, na hapo dizeli hushuka kwa uzito wake na kuisaidia pampu ndogo iliyochoka, hivyo lori linaonekana limepona. Lakini kosa hilo ukilifanya kwa makusudi linageuka kuwa kipimo. Dumu likiwa chini lori linazimika, dumu likipandishwa lori linatulia, paipu ni zile zile: pampu ndogo ndiyo dhaifu. Na kama hata kwa dumu povu zinaendelea kuja kwenye marejeo, basi si hewa ya upande wa tangi. Kagua viungo vya kuanzia hapo ulipofunga; vikiwa vizima, huenda ni gesi ya silinda inayopenya kupitia washa iliyoungua, kile kiringi cha kuzibia chini ya nozeli, na safari imehamia kwenye kichwa cha injini.

Kwenye malori ya pampu ya mstari, ile ya zamani iliyopanga visukumio vyake safu moja, kabla hujaiondoa pampu, kagua valvu ndogo ya marejeo iliyofungwa ubavuni mwake. Kazi yake ni kushikilia kashinikizo ndani ya pampu. Springi yake ikichoka, barabarani pampu ndogo hufidia kwa kusukuma dizeli nyingi, lakini kwenye silensa dizeli yote hukimbilia tangini na pampu kubwa hubaki na njaa. Ni kipande cha kushika kwa vidole viwili, na pampu nzima zimewahi kuhukumiwa kwa ajili yake.

Dizeli yenyewe

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima. Tangi lililoachwa nusu usiku hupumua hewa hiyo kupitia tundu lake, na bati likipoa maji hujitokeza kama jasho upande wa ndani, kisha hushuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Bomba la kunyonyea liko chini vilevile. Maji yakifika kwenye nozeli injini hukohoa, na vyuma vinavyolainishwa na dizeli hupata kutu. Pale maji na dizeli vinapokutana huota bakteria na kuvu, utelezi wa rangi ya kahawia au nyeusi unaoziba filta mpya ndani ya safari chache. Kwa hiyo tangi lijazwe jioni badala ya asubuhi kama pesa na usalama wa mahali vinaruhusu, na kikombe cha maji kimwagwe kabla ya kuwasha, si baada.

Kipimo chake ni chupa. Mwaga kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iache itulie. Mstari ukitokea chini, hayo ni maji.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni shida ya aina nyingine. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vyuma kama dizeli, hivyo hula pampu polepole, na pampu iliyolika huvuja kwa ndani hasa kwenye mwendo mdogo. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane na faida ya kuchanganya iishe. Ukinunua dizeli kwenye madumu kando ya barabara kwa bei nafuu kuliko ya kituo, huwezi kujua unachomimina, na vumbi lililomo ndani ya dumu nalo linaingia.

Umeme na chumvi

Lori lililozimika kama swichi lisipelekwe kwenye pampu. Malori ya pampu ya zamani mara nyingi yana solenoidi ya kuzima: ikipata umeme inaachia dizeli ipite, ikikosa inaifunga. Waya uliolegea kwenye solenoidi hiyo unatosha kuzima injini nzima, na mtetemo wa silensa ndio unaoutikisa kuliko mwendo wa barabarani. Funga maltimita, kile kipima umeme, kwenye waya wake, uiweke mahali unapoiona, subiri lizimike. Umeme ukikatika kabla ya injini kuzimika, fuata waya. Umeme ukibaki, solenoidi na njia yake havina hatia.

Upepo wa bahari hapa unakula ardhi za umeme, yaani zile nyaya nene zinazounganisha betri, chesisi na injini. Kiungo kinaweza kuonekana kizima kwa juu huku chini ya nati kumejaa unga wa kijani. Injini ikiwa inazunguka na taa zimewashwa, pima kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini. Isomeke karibu na sufuri. Ikizidi nusu volti, fungua, piga msasa, kaza, paka grisi. Mfumo wa volti 24 ukichajiwa vizuri husoma kati ya 27 na 28 na nusu; ukiona kwenye silensa unashuka chini ya 24 huku AC na taa zinafanya kazi, alternata au mkanda wake unahusika, na kompyuta ya lori inaweza kuwa inajizima kwa njaa ya umeme.

Kwa malori ya kompyuta, tazama mshale wa mizunguko wakati lori linakufa. Ukidondoka hadi sufuri huku injini bado inazunguka, sensa ya mzunguko wa injini ndiyo ya kwanza kuchunguzwa: ichomolewe, isafishwe unga wa chuma ulioshikwa na sumaku yake, na plagi yake ikaguliwe kutu. Mashine ya kupima ikionyesha kodi, yaani namba ya hitilafu, kodi hiyo isomwe kama malalamiko ya kompyuta. Kodi ya shinikizo dogo la dizeli haisemi pampu imekufa. Inasema shinikizo ni dogo, na oringi ya tangini inaweza kulileta sawasawa na pampu.

Njia ya moshi, na mizigo midogo

Haya yanapimwa haraka. Breki ya moshi ina kibamba kinachofunga bomba la ekzosi. Kikikwama kimefungwa, injini hukosa pa kupumulia. Mtu aangalie mkono wa kibamba hicho ukisogea na kurudi. Valvu inayorudisha moshi ndani ya injini, kwa malori yaliyo nayo, ikikwama wazi kwa masizi huijaza silinda moshi badala ya hewa safi pale ambapo hewa ni kidogo kuliko wakati wowote. Moshi mweusi kwenye silensa ni alama yake. Filta ya hewa iliyoziba kabisa huonekana kwanza barabarani.

Kisha kanyaga klachi. Injini ikipumua ghafla, kuna kitu kinaburuza kwenye klachi au giabox. Zima AC. Subiri upepo ujae hadi kompresa iache kusukuma. Lori linalopona kwa kuondolewa mzigo mmoja limekuonyesha pa kwenda.

Upande wa shinikizo kubwa

Ukiwa umefika hapa kwa haki, yaani dumu halikusaidia, hewa haipo, umeme upo, moshi unatoka, ndipo nozeli na pampu kubwa zinapohojiwa. Kwenye mfumo wa reli ya pamoja, pampu hujenga shinikizo ndani ya bomba moja linalolisha nozeli zote, na kwenye kazi nzito shinikizo hilo hufika baa 1,600 hadi 2,000 na zaidi. Kwenye silensa pampu huzalisha kidogo, kwa hiyo nozeli moja inayorudisha dizeli kupita kiasi inaweza kuangusha shinikizo la zote. Kipimo ni kufunga chupa ndogo kwenye marejeo ya kila nozeli, kuacha injini izunguke muda ule ule kwa zote, na kulinganisha. Chupa iliyojaa mara mbili ya wenzake imeitaja nozeli yake. Badilisha hiyo, usinunue sita.

Hapa nasema kwa uzito wote. Ile desturi ya kulegeza nati za paipu za nozeli injini ikiwaka, ili kusikia silinda ipi haifanyi kazi, ilikuwa ya malori ya pampu ya zamani. Kwenye reli ya pamoja isifanywe kabisa. Dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama kwa tundu lisilozidi ncha ya sindano, na usitafute uvujaji kwa kupitisha mkono. Mtu akipigwa na dizeli hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama haumwi, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya shinikizo kubwa, kwa sababu jeraha dogo la namna hiyo limewapoteza watu vidole na mikono.

Silinda zilizolika na kukosa mminyo nazo huleta kuzimika, lakini lori la namna hiyo huwa limeshalalamika kwa njia nyingine: stata ndefu, moshi mweupe wa asubuhi, oili inayopungua, pumzi nyingi kwenye mdomo wa oili. Halimshtukizi mtu.

Kuhusu bisibisi ya silensa. Kuipandisha bila kupima ni kuficha. Lori litasimama kwenye foleni leo kwa sababu mizunguko iliyoongezeka inameza povu zaidi, lakini ufa unaovuta hewa hautajiziba, pampu inaendelea kuzunguka ikiwa na hewa badala ya dizeli ya kuilainisha, na siku itakapogoma huenda ikawa kwenye mteremko. Injini ikizimika katikati ya mwendo usukani unakuwa mzito papo hapo na kompresa haijazi tena upepo wa breki. Ule uliobaki kwenye matangi ni wa kukanyaga mara chache. Silensa irekebishwe tu kama imepimwa na kuonekana iko chini ya kiwango kilichoandikwa na watengenezaji, baada ya mengine yote kukaguliwa.

Mkishapata hitilafu na kuirekebisha, toeni hewa kwa pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, msitegemee stata kuivuta, maana mtaimaliza betri na kuiunguza stata. Wekeni mawe kwenye magurudumu, washeni, na mwache lori kwenye silensa nusu saa, AC na taa zikiwa zimewashwa na upepo ukimwagwa kwa breki ili kompresa ifanye kazi. Kisha lizimwe, lilale hapo hapo gerejini tangi likiwa nusu. Asubuhi dereva alipige stata mara moja mbele ya fundi kabla ya pesa kukamilishwa. Likiwaka mara hiyo na kutulia, paipu zilishika dizeli usiku kucha.